Bangi Katikati ya Pamba

Redio ya dukani kwa Faki ilikuwa ndiyo kwanza imetangaza kwamba nchi moja ya ughaibuni haifungi tena mtu kwa msokoto wa bangi, na benchi la kahawa la Bimdogo likawaka moto.

"Wamekwisha hao!" alisema Faki, ambaye Bariadi nzima humwita Spika kwa kuwa hujipa mwenyewe nafasi ya kusema. "Bangi ni marufuku. Ukilegeza kamba, kesho utamkuta mtu anavuta msibani."

"Kwani wewe ulidhani wachimba kaburi huwa wanacheka nini?" Bimdogo aliuliza huku akimimina.

Mhoja wa kijiji cha Kasoli alikaa mwisho wa benchi, kahawa imempolea mkononi. Wenzake humwita Bubu, maana husema mara moja kwa msimu. Leo alikuwa na la kusema, na halikuwa linatoka. Mwanawe Bujiku amekutwa amepanda bangi katikati ya mistari ya pamba. Aliyemfichua ni mbuzi wa jirani: aliingia shambani akala, akatoka, akalala katikati ya barabara mbele ya lori, akalitazama tu. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakafuata nyayo zake. Sasa mtemi wao anangoja jibu la baba mtu kabla ya adhuhuri: kijana apelekwe polisi, au kijiji kimtenge?

"Kuna jamaa mmoja," Mhoja alianza, "mwanawe kakutwa na miche ya bangi..."

Wote walitazama vikombe vyao kwa adabu. Pale benchini, jamaa mmoja huwa amekaa hapo hapo.

"Polisi!" Spika alikata shauri. "Akale mvua zake jela. Marufuku ndiyo dawa. Muulizeni Afande."

Hilali, yaani Afande, ni askari magereza mstaafu. Alipangusa masharubu kwanza. "Marufuku inafanya kazi," alisema. "Kule ndani tulikuwa na ukuta, tuna senyenge, tuna mbwa, na mlangoni nipo mimi."

"Mnaona?" alisema Spika.

"Na bangi?" aliuliza Bimdogo.

"Ilikuwepo. Ila ghali."

Spika alikohoa. "Hiyo ni kasoro ndogo ya utekelezaji."

"Mwanangu Faki," alisema Bimdogo, "gongo ilipigwa marufuku mie sijaota meno. Leo meno yamekwisha, gongo ipo, tena ina afya kunishinda."

"Kwa hiyo turuhusu? Wajukuu zako wavute?"

"Nani kasema turuhusu? Wangu nikimkuta nayo nitamcharaza bakora mpaka aombe mwenyewe polisi. Lakini jela simpeleki. Anaingia anajua kuvuta, anatoka anajua kuvunja mlango."

"Na kufungua kufuli kwa kijiko," Afande aliongeza, bila kujivuna.

"Lakini mayu," Mhoja alimwambia Bimdogo kwa heshima ya kumwita mama, "kutengwa nako si mchezo. Haazimwi jembe, ng'ombe wake hawanywi na wa wenzake. Hasalimiwi, hatumiwi salamu. Hata baba akimsemesha, na yeye anatengwa. Mpaka pamba ivunwe."

"Msukuma asisalimiwe?" Afande alishtuka. "Sisi hata wafungwa tulikuwa tunawasalimia. Hiyo imezidi."

"Huyo kijana wa jamaa mmoja," Spika aliuliza, "jina lake nani?"

"Bujiku."

Spika aligeuka, akatazama paa. Upepo ulipong'oa mabati ya duka lake, Bujiku ndiye aliyepanda juu kuyagongelea, akakataa hata soda. Spika alinyoosha mkono, akazima redio.

"Kumbe yule," alisema. "Yule si mhalifu. Yule ameteleza."

"Na sheria?"

"Sheria ipo palepale, Bimdogo. Lakini nayo ina macho, inaona mtu na mtu."

Mhoja aliinuka, akasogea kando, akampigia mtemi. Alisema maneno machache ya Kisukuma, akarudi na kuketi kama mtu aliyeangukiwa na gunia.

"Atengwe," alisema. "Angalau atakuwa nyumbani. Nitamwona akipita uani, nitageukia ukuta."

Simu yake ikaita. Kwenye kioo lilisomeka jina la Bujiku.

Mhoja aliipokea, lakini hakuiweka sikioni. Aliilaza benchini karibu na birika la Bimdogo, akaligeukia birika.

"Birika," alisema kwa sauti ya mkutanoni, "mama yako amesahau ugali nyuma ya ghala, chini ya ungo. Atausahau kila siku. Usiku kuna baridi, jifunike lile blanketi zito. Na yale majani ukiyagusa tena, birika, nitakuvunja."

Afande alitazama pembeni, kama alivyozoea kazini.

Spika alichungulia barabara upande huu na upande ule, kisha akainama mpaka mvuke ukamlowesha pua. "Sikiliza, birika. Wakikunyima jembe, pita dukani, mlango wa nyuma. Ila bangi ni marufuku kabisa!"

Simuni ikatoka sauti nyembamba.

"Shikamoo, birika."

Mhoja alifumba macho, akaubana mdomo kwa kiganja. Bimdogo alichukua kitambaa, akalipangusa birika lake taratibu.

"Marahaba," alijibu kwa niaba yake.