Maonyesho kwa Mama Pétronille

Mvua ya Aprili 1954 ilipokatika, Léonard alisimama ukingoni mwa kijito cha Masisi akitazama vitu vilivyonasa kwenye matete: miiko, sufuria, miguu ya vigoda, hata mlango wa jiko. Wengine waliona takataka. Léonard aliona sanaa, maana jana yake mpishi wa shamba la pareto alimwambia kwamba bwana wake atatembelewa Jumapili na mzee kutoka Ubelgiji anayenunua vinyago vya ajabu bila kuuliza bei.

Tumsifu kidogo. Siku tatu nzima alifanya kazi, jambo lililomshangaza hata yeye mwenyewe. Alipigilia mwiko juu ya ule mlango akauita Mfalme. Alitoboa sufuria macho akaiita Mama wa Maji. Vyote alivifunga kwa matete na kuvibeba kwa baiskeli yake, kitu pekee alichowahi kukipata kwa njia halali, au karibu halali. Aliipenda kuliko mtu yeyote, na ndiyo ingemtorosha hadi Sake mfuko ukishajaa.

Ilibaki kupata mahali pa maonyesho. Katekista Callixte alitazama Mama wa Maji, akapiga ishara ya msalaba, akafunga kanisa. Karani wa ghala alidai barua yenye mihuri miwili. Basi Léonard akaenda kwa Mama Pétronille, mjane aliyeuza kasiksi, pombe ya ndizi, chini ya paa la bati.

"Mama, nakuletea Muzungu."

"Wa kufanya nini?"

"Kuangalia vitu. Akisha kuangalia, atasikia kiu."

"Na kama hanunue kitu?"

"Mama! Miye nidanganye muntu wa umri wako?"

"Acha velo yako hapa. Muzungu akinunua kitu hata kimoja mu nyumba yangu, unaibeba. Mbele ya pale, akiwa hajanunua bado, iko yangu."

Léonard alicheka, akakubali. Mama akaitundika baiskeli ukutani kwa misumari miwili, na matete bado yamejisokota kwenye usukani.

Jumapili, misa ilipoisha, watu wakaingia kuchungulia.

"Eh! Mwiko yangu!" Mama Emérita alimng'oa Mfalme kichwa.

Hapo ndipo Léonard alipogundua kosa lake. Kwao Walikale, mto hushusha magogo ya msituni, na hakuna wa kuyadai. Masisi, kijito hupita nyuma ya majiko ya watu.

Munyakazi, mzee wa mlima wa juu, akajitwika kiwiliwili cha Mfalme. "Mulango yangu, kaka. Tangu mvua, mbuzi inalala mu jiko."

"Papa, haiko mulango tena! Iko Mufalme!"

"Basi Mufalme atafunga jiko."

Na kwa desturi ya mlima ule, aliyerudishiwa kitu na maji huleta kibuyu cha pombe kwenye nyumba alimokikuta. Mama Pétronille alivipokea vibuyu kwa unyenyekevu mkubwa, akavipanga nyuma ya mitungi yake. Wengine nao wakabeba sufuria na vigoda vyao, chumba kikabaki kitupu.

Ndipo gari la shamba likafika, mpishi akielekeza njia. Mgeni akaingia, akazunguka kuta kwa macho, akasimama mbele ya baiskeli. Aliyagusa matete taratibu, machozi yakimlengalenga.

"Manyifiki!" alisifu kwa Kifaransa, akatoa pochi.

"Ile ni—" Léonard alianza.

"Njo ya mwisho, Bwana, ingine hakuna," Mama alimkatiza, akapokea noti na kuzifunga kwenye pindo la kitenge.

Baiskeli ikafungwa juu ya gari, gari likaondoka. Léonard alimgeukia Mama.

"Mama, ulisema akinunua kitu kimoja, nabeba velo yangu!"

"Njo vile. Ibebe." Akamwonyesha vumbi lililobaki barabarani. "Lakini mbele anunue, ilikuwa ya nani?"

Léonard akaketi chini ya misumari miwili iliyobaki ukutani. Mama akamhurumia kidogo, akafungua kibuyu cha Munyakazi, akamjazia kikombe.

"Kunywa, kaka. Sake kwa miguu iko mbali."