Kamati ya Ulinzi wa Seli Yafika Lundo

Kitu cha kwanza alichokiona Ottilia ni kofuli. Chumba cha dawa kimefungwa, na Lidia, nesi pekee wa zahanati ya kijiji cha Lundo, anateremka ziwani na beseni, sare nyeupe mwilini.

"Dada nesi, wapi tena?"

"Wageni wa kamati wanataka samaki, tena mbasa. Nimeteuliwa Kamati Ndogo ya Samaki."

"Na dawa zangu?"

Lidia akanong'ona: "Ufunguo anao mwenyekiti wao. Wameweka soda zao humo."

Ottilia akalitazama tena kofuli. Kidonge cha mwisho alikimeza jana.

Nje, Bwana Praygod, Mwenyekiti wa Kamati ya Ulinzi wa Seli, alikwishashika kipaza sauti, ufunguo ukining'inia shingoni. "Wananchi! Kuanzia leo, kila seli ya mwili iko chini ya usimamizi wetu!"

Watu wakapiga makofi. Kumbe miaka yote seli zilikuwa zinajilinda bila mwongozo wowote.

"Ndani ya seli yumo mlinzi," akaeleza. "VVU vikianza kunakili maandishi yao, mlinzi anayavuruga, hayasomeki."

"Kwa kibali cha nani?" akauliza mzee Baltazar.

"Swali zuri, mzee wangu. Kamati inalifanyia kazi. Lakini kirusi ni mjanja! Hakimpigi mlinzi. Kinawaambia wafagizi wa seli ileile: huyu ni taka. Nao wanamtupa kwa mikono yao. Ndiyo maana ni lazima mgonjwa ameze dawa kila siku, bila kukosa. Swali lingine?"

Ottilia aliishia darasa la nne, na hata huko hakuwahi kunyoosha mkono. Leo aliushangaa ukiwa juu.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, binti. Usiogope."

"Hiyo seli nimeielewa. Ni zahanati yetu." Watu wakacheka. "Asubuhi kimeingia kitu. Mlinzi hakikumgusa. Kimeagiza tu, na sisi wenyewe tukamtoa. Yuko ziwani anaparua magamba. Dawa zimefungiwa na soda."

Kicheko kikakatika. Mwenyekiti akatabasamu kwa mujibu wa cheo chake.

"Na wewe, binti, dawa hizo zinakuhusu nini?"

Swali hilo Ottilia alikuwa amelikimbia miaka mitatu, kisimani, kanisani, hata kwa mama yake.

"Ni zangu," akasema. "Nina VVU. Kidonge cha mwisho nilikimeza jana. Naomba ufunguo, mwenyekiti."