Mapaa Mawili, Mita Ishirini

Jumatatu, tarehe 9 Machi

Nadai, nami niko tayari kulitetea dai hili mbele ya yeyote: hadithi moja ya mtu aliyenusurika mafuriko yatosha kufundishia masomo yote ya darasa la saba kwa wiki nzima. Jiografia imo. Sayansi imo. Hesabu ndiyo imejaa tele. Hadithi nimeitunga mwenyewe. Mwanamume amekwama juu ya paa siku sita. Juu ya paa la jirani, mwanamke. Katikati, maji. Mwanamume anapunga kitambaa chekundu. Hasemi neno.

Nimelieleza dai kikaoni kwa dakika arobaini. Nilipewa kumi. Mwalimu Mkuu aliuliza kwa nini ni lazima nifundishe pamoja na Mwalimu wa Hesabu. Nilijibu kuwa ni suala la kitaaluma. Mwalimu wa Michezo akakohoa. Hana mafua.

Humu hasomi mtu, basi niseme. Mwalimu wa Hesabu amepata uhamisho. Ijumaa anaondoka, na shule aendako ni safari ya siku nzima. Mbinu yangu ikifaulu, Mwalimu Mkuu ataona haiwezekani bila yeye, ataandika barua, uhamisho utazuiwa. Mpango hauna tundu!

Jumanne, tarehe 10 Machi

Kipindi cha kwanza pamoja. Anaandika kwa mkono wa kushoto, na kila saba huikata kistari kiunoni. Nimeanza kuzikata saba zangu.

Wanafunzi walipiga hesabu ya maji ya kunywa wakamwua shujaa wangu siku ya nne. Nikamwongezea mtungi. Mwalimu wa Hesabu akacheka, akasema kumbe nina huruma. Huruma! Nimelitafakari neno hilo hadi chakula kikapoa.

Jumatano, tarehe 11 Machi

Nimechukua kitambaa chekundu kwenye meza ya dada yangu, fundi cherehani, ambaye naishi kwake. Kumbe ni mkono wa gauni la mteja. Nilimweleza umuhimu wa zana za kufundishia. Akaondoa pini mdomoni, akaniuliza, "Mdogo wangu, umesoma mpaka miwani, na kumwambia mtu neno moja sharti uzamishe kijiji kizima?"

Nilikitia kitambaa mfukoni. Hajasomea ualimu.

Alhamisi, tarehe 12 Machi

Onyesho uwanjani. Meza mbili, ndizo mapaa. Wanafunzi walipima kwa kamba: mita ishirini kamili. Mimi juu ya meza moja, yeye juu ya nyingine, viatu amevua, kivuli chake kimenyooka kuja upande wangu. Nilipunga mkono wa gauni. Nilipunga kwa hisia.

Binti wa dawati la mbele akauliza kwa nini huyu bwana hasemi. Darasa likapiga hesabu: sauti ingevuka mita ishirini kwa muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde. Binti akapigiwa makofi. Ndipo Mwalimu wa Hesabu akaniita kutoka mezani kwake, wala hakupaza sauti: "Mwalimu, mbona nakusikia vizuri tu? Sema."

Wote wananitazama. Naye ananitazama.

Nikawaeleza wanafunzi kwamba upepo mkali wa mafuriko humeza sauti.

Jani halikutikisika.

Ijumaa, tarehe 13 Machi

Mwalimu Mkuu ameisifu mbinu. Tena ameshampata mwalimu mwingine wa hesabu, mwanamume mwenye masharubu, anayeingoja mbinu yangu kwa hamu.

Nilimbebea Mwalimu wa Hesabu sanduku hadi getini. Jepesi mno. Nilitamani liwe na mawe, tusimame kila hatua tatu. Gari la abiria lilikuwa limekwishawasha taa. Akauliza polepole, bila mzaha, "Hivi yule mtu wako alikuwa anasubiri nini?"

Nilimwambia zipo sababu tatu. Ya kwanza ni heshima ya ukimya katika fasihi. Nilikuwa katikati ya ya pili gari lilipoondoka. Alipunga mkono dirishani. Hakusema neno.

Jumatatu, tarehe 16 Machi

Kiti chake kitupu. Pembeni mwa ubao imebaki saba moja, na kistari chake. Nimemkataza Masharubu kuifuta. Aliuliza sababu. Nikamwambia zipo tatu.

Nimeona kosa liliko: hadithi ilikuwa fupi. Siku sita hazitoshi. Nimezifanya kumi na nne.

Na kwa kuwa yamenenwa hadharani kwamba shujaa wangu angesema tu, nimebandika tangazo la kurasa nne kwenye ubao wa walimu. Nakala moja imekwenda kwa posta, safari ya siku nzima. Namtaka yeyote anayeshikilia kwamba mtu aliye juu ya paa apaswa kufungua kinywa ajitokeze, atie sahihi, anijibu hadharani, kwa maandishi, kabla ya Ijumaa.

Hasa aliyekuwa juu ya meza ya pili. Anijibu. Nangoja.