Siku Kulasi ya Hamadi Ilipoingia Kabambare

Kutoka Kasongo mpaka Kabambare, hakuna mutu anayejua moto, yaani pikipiki, kunipita mimi! Nilisoma mpaka darasa la tano primaire, na hilo la tano nililisoma mara tatu, kwa hiyo hesabuni la saba. Basi nikisema kwamba mupwa wangu Hamadi ndiye mutu wa kwanza Maniema aliyewaliza wamama kwa sababu ya kichwa cha moto, muniamini.

Kichwa hicho mafundi wanakiita kulasi. Ni kile kipande cha aliminyumu kinachokaa juu ya moteri, injini yenyewe, kama kofia juu ya shehe. Moto ya Hamadi ilikuwa na nguvu za farasi kumi na moja. Mwenye akili angesema alhamdulillahi. Hamadi akasema:

—Mujomba, nataka ishirini.

—Utawalisha nini?

—Hapana cheka, mujomba. Nikipanua matundu ya kulasi, petroli itaingia kwa wingi. Nikiisugua chini ipungue kidogo, moteri itaikaba zaidi. Kasongo-Kabambare, masaa matatu!

Masaa matatu! Njia ile hata mvua inaimaliza kwa siku mbili.

Lakini alikuwa na sababu. Muzee Yakubu wa Kabambare, baba ya Aicha, alikwisha kupokea mahari yote isipokuwa mbuzi wa mwisho. Mara mbili Hamadi aliahidi, mara mbili moto ikalala njiani. Safari hii muzee akatuma neno: mbuzi afike hai, mkononi mwa ukoo wetu, kabla ya adhana ya Ijumaa. La sivyo, Aicha ataolewa na mwenye duka wa ng'ambo ya barabara, ambaye hahitaji moto. Anavuka tu.

Hamadi akafungua moteri. Matundu aliyapanua kwa tupa ya kunolea panga. Kuhusu kupunguza kulasi, fundi Dominique alimwambia aipeleke Kindu kwa mwenye mashine.

—Kindu ya nini, na jiwe liko nyumbani?

Akachukua jiwe la pilipili la mama yangu, yaani nyanya yake, akamwaga muchanga na maji, akasugua siku mbili. Juma lile sombe yetu yote, majani yetu ya muhogo, ilikuwa na ladha ya moto! Na ile joint ya kukaa chini ya kulasi kuziba pumzi isitoke, akaikata kwenye kopo la sardini.

Alhamisi asubuhi tukapanda: Hamadi mbele, mbuzi katikati, mimi nyuma, kwa kuwa mimi ndiye mushenga. Hamadi akapiga kiki. Moteri ilikaba vile alivyotaka, ikamrudishia teke palepale. Kweli farasi walikuwa ndani! Akapanda akichechemea.

Tulipopita Lusangi njia ikanyooka kidogo. Jamani, tuliruka! Mbuzi alitubia dhambi zake zote kwa lugha yake. Tukampita Célestin, musukumaji wa baiskeli, aliyetoka Kasongo tangu Jumatatu na bidoni sita za mafuta ya mawese.

—Ya Célestin! Hamadi akapiga kelele. Ukifika mwezi ujao, utatukuta na mutoto!

—Tangulia, bwana arusi. Kilima kinakungojea.

Aliyecheka kuliko wote ni mimi. Siwafichi.

Kilima kikafika. Matope mpaka magotini. Hapo nikajifunza jambo ambalo hata la saba hawalifundishi: kulasi ya Hamadi ilitoa nguvu moto ikikimbia tu. Polepole, ilikuwa bure kabisa. Ili apande kilima ilibidi akimbie, na ili akimbie ilibidi awe amekwisha kupanda kilima!

Akakaza gazi. Moteri ikagonga ko-ko-ko, kama wamama watatu kwenye kinu kimoja. Halafu pshhhh! Sardini ikapasuka. Farasi wote ishirini wakatokea mlango mmoja.

—Mujomba, sukuma!

—Mushenga anasukuma? Uliona wapi?

Nikasukuma. Haikuwaka. Jioni Célestin akatufikia, akaegemeza baiskeli yake bila haraka.

—Bwana arusi, mwezi ujao umefika?

Hamadi akainama kufuta matope kwenye kulasi.

—Mbuzi iko na miguu mine, Célestin akasema. Kwa nini mulimupandisha moto? Kwa miguu, kutoka hapa ni masaa sita tu.

Lakini Hamadi akakataa kuacha moto. Kulasi kama ile iko moja tu duniani! Akaita wanaume wanne wa pale, akawapa saa yake na viatu vyake vya arusi, wakaifunga moto kwenye mianzi miwili, vile tunavyobeba wagonjwa. Mvua ikatisha. Akaifunika kwa kikwembe kipya, kitenge alichokuwa anamupelekea mama mukwe zawadi.

Mimi, Célestin na mbuzi tukatangulia. Tulilala njiani, alfajiri tukaondoka tena. Tuliingia Kabambare muadhini akisafisha koo! Muzee Yakubu akahesabu miguu ya mbuzi.

—Mine. Muzima. Mahari imetimia. Na bwana arusi iko wapi?

Ndipo wakatokea. Wanaume wanne, mianzi mabegani, kikwembe juu. Nyuma yao Hamadi, miguu mitupu, anachechemea, kichwa chini.

Wewe ungefikiri nini? Wamama wakaangua kilio! Mama mukwe akaanguka chini. Muzee Yakubu akanong'ona:

—Inna lillahi… Nani amekufa?

—Kulasi, muzee, Célestin akajibu, akifuta jasho.

—Masikini! Alikuwa na miaka mingapi?

—Siku tatu.

Kilio kikazidi mara mbili.

Aicha peke yake hakulia. Alisogea, akainua kikwembe. Kumbe ni moto! Halafu mwenye duka wa ng'ambo akacheka mpaka akashindwa kuuza.

—Baba, Aicha akasema, mimi naolewa na huyu huyu. Mwanaume anayebeba kitu kibovu hivi kwa heshima hivi, hata nikizeeka hataniacha.

Walirudi Kasongo na Célestin, Aicha juu ya baiskeli, Hamadi akisukuma.

Kulasi? Iko jikoni. Mawe mawili na kulasi, ndiyo mafiga ya Aicha. Jana nilipita kula, nikakuta sombe inachemka kwa fujo.

—Naona farasi wako kazini, nikasema.

Hamadi akainama, akaitazama kulasi kwa huba.

—Mujomba, unajua kosa liko wapi? Sikuisugua vya kutosha. Nikiisugua kidogo tu tena…

Aicha hakugeuka. Alisukuma lile jiwe la pilipili la mama yangu kwa mguu mpaka mbele ya mume wake, akatupa juu ya jiwe konzi nzima ya pilipili.

—Haya, papa. Sugua.