Siku Mauza Alipotoa Kitanda Uani

Sogeeni, enyi mlalao juu ya magodoro nanyi mlalao juu ya mikeka. Nyamazisheni watoto, mpate habari ya vita iliyopiganwa Kariakoo zamani za Mwingereza, siku Mauza binti Hashil, mpole wa sauti, asiyepata kugombana hata na kuku, alipotoka kwenda kupigania usingizi wa mama mkwe wake.

Adui walikuwa kunguni. Ngome yao ilikuwa kitanda cha kamba, na mahandaki yao yalikuwa matundu ya mifumbati, zile mbao za ubavuni, ambamo walijificha mchana, wanono, wekundu, wakingoja giza washuke kwa vikosi. Naye mama mkwe huyo, Bi Badriya, ambaye ulimi wake ulijulikana Bagamoyo nzima, alikuwa njiani ndani ya lori, na baada ya adhuhuri angefika hoi, akitaka kujinyoosha. Akiumwa hata na mmoja, Mauza angeitwa mchafu katika kila harusi ya ukoo.

Silaha zilijulikana: maji ya moto na jua kali. Lakini katika nyumba ile ya vyumba sita hapakuwa na mtu aliyethubutu kutoa kitanda uani. Wapangaji wote walijikuna, na wote walisema ni joto. Kwa maana atakayetangulia kutoa chake ndiye atakayeambiwa kuwa amewaleta.

Asubuhi ile Mauza alisimama mlangoni, akautazama uwanja wa vita. Wanawake wawili walikuwa wakichambua mchele, na Bi Azza mwenye nyumba, malkia wa uani, alikuwa akisuka ukili. Mauza akafumba macho. Akavuta. Tendegu likakwama kizingitini, likalia kwa sauti ya kutangaza.

"Mauza!" akanguruma Bi Azza. "Ni nini hicho unachonitolea? Nyumba hii aliijenga marehemu kwa jasho lake, na tangu ipakwe chokaa ya kwanza hajapata kuingia mdudu. Wewe uliyeingia juzi, umeniletea jeshi gani?"

Mchele ukasahauliwa. Mauza akaushikilia mfumbati kama ngao.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba," akajibu Bi Azza, maana hata vitani adabu ni adabu.

"Mama mkwe wangu anakuja, na mimi sina pa kumlaza. Kwa kuwa kwako hawajapata kuingia, nakuomba, kwa heshima yako na ya marehemu, apumzike kitandani kwako mpaka changu kikauke."

Alikuwa akiomba kweli, bila kejeli. Lakini ombi lile lilimchoma Bi Azza kama mkuki. Akautazama mlango wa chumba chake kama mtu atazamaye pango la chui. Kisha mkono wake, bila ruhusa yake, ukapanda mgongoni, ukamkuna mbele ya wote.

"Changu," akasema taratibu, "kamba zimelegea. Nilikuwa nataka kukitoa nizikaze."

"Hata changu!" akadakia mmoja wa wale wachambua mchele, naye tayari yuko mbioni.

"Tangu lini, shoga?" akauliza mwenzake.

"Tangu zilipolegea za kwako!"

Basi vitanda vikatoka kila mlango, madebe yakachemka, maji yakamiminwa matunduni, na adui wakaanguka makundi kwa makundi.

"Huyu mnono kama bwana shauri wa Mwingereza!"

"Mponde huyo!" Bi Azza akapiga kelele, kanga kiunoni, kata ya maji mkononi. "Ndiye aliyeninyima usingizi tangu Ramadhani!"

Wala hakuna aliyemuuliza habari ya kamba.

Bi Badriya akafika, vumbi mpaka kwenye kope. Akajitupa kwenye kitanda cha Mauza, kilichokwisha kukaushwa na jua, na makubadhi yake miguuni, akasema, "Mkwe wangu," na neno la pili likageuka mkoromo.

Mauza akachutama mlangoni, akiulinda mkono wa mgeni kwa macho. Mara mkono ukainuka. Mauza akazuia pumzi. Ukamfukuza nzi, ukalala tena.

Wafalme huandikiwa miji waliyoiteka. Na iandikwe basi, isomwe na wajukuu, ya kwamba alasiri ile, Kariakoo, mama mkwe alilala mpaka wali ukapoa, wala hakujikuna.