Nilimfuta Mjomba Mustafa

Jumanne, 8 Julai 2025

Siku njema kwangu, mbaya kwa Doreen. Ignasi, katibu wa chama chetu cha wakulima wa korosho, amesema daftari la kompyuta litakalofanya kazi vizuri ndilo litakalotumika Nachingwea na Ruangwa kote. La Nachingwea natengeneza mimi. La Ruangwa kapewa Doreen, niliyesoma naye chuo, aliyekuwa akiazima kalamu zangu. Leo eti mtaalamu! Jumatatu salfa ya kupulizia mikorosho itagawiwa kwa majina yaliyomo. Asiyemo, hapati.

Doreen anazunguka Nanganga na pikipiki akihoji watu. Mimi sizunguki. Nina ORM, programu ya kunipangia data. Naandika umbo la Mkulima, la Shamba, la Mkorosho, nayo inanitengenezea majedwali kwenye kanzidata na kuyaunganisha. Mkulima mmoja, mashamba mengi. Shamba moja, mikorosho mingi. Nimeongeza na mstari wa usafi: mkulima akifutwa, vyote vilivyounganishwa naye vifutwe. Kazi safi, nimejipongeza kwa soda.

Alhamisi, 10 Julai

Nimekwenda Mkotokuyana kumwuliza Mjomba Mustafa, kaka yake mama, mashamba ya ukoo ni ya nani. Kosa langu, kuuliza. Kasema ardhi ni ya ukoo wa kina mama, yeye anaitunza tu. Mikorosho arobaini ya upande wa mtoni ni ya mama, kaipanda mwenyewe. Ya nyuma kaipanda marehemu baba, kwa hiyo ni yetu watoto, ila ardhi si yetu. Bi Hajra naye kaazima kipande, anavuna miti asiyoipanda.

Nikamwambia kompyuta inataka mwenye shamba mmoja. Akauliza hiyo kompyuta ni mtoto wa nani. Baraza zima likacheka. Akaongeza kwamba mwanaume wa miaka thelathini na moja asiyejua kubeba bomba la kupulizia asimsumbue na habari za mikorosho. Nilitamani ardhi inimeze, hata kama si yetu.

Nimewaandika wote chini yake. Mama, Bi Hajra, kaya kumi na saba: wategemezi wa Mustafa. Doreen kapiga simu, anashauri niweke jedwali la katikati: nani, mti upi, kwa haki gani, kapanda, karithi au kaazima. Wengi kwa wengi. Nimemshukuru kwa upole. Wivu tu.

Ijumaa, 11 Julai

Kile kicheko bado kiko masikioni. Nimepata dawa yake. Jumatatu Mjomba akose salfa, aje kuniangukia mbele ya baraza lilelile. Jumanne nitamrudisha. Nimebonyeza. Kafutwa! Nimekula pilau sahani mbili.

Jumatatu, 14 Julai

Ghalani. Ignasi kasoma majina. Mjomba hayumo. Nikatazama pembeni, nisicheke. Kisha mama hayumo. Bi Hajra hayumo. Ukoo mzima haumo!

Mstari wa usafi. ORM imetii nilivyoiamuru. Ndicho kitu pekee wilaya hii kinachonitii. Nakala ya akiba ninayo, ya mwezi Mei, ina wakulima watatu wa majaribio, wote wanaitwa Jamali. Jina langu, basi. Nimewarudisha hao hivyohivyo, nafasi ya ukoo isionekane tupu.

Mama alikuwa amekalia mfuko wake mtupu tangu asubuhi. Akaniuliza, mwanangu, kuna nini. Nikamwambia ni mtandao. Akawageukia wenzake akawaeleza kuwa ni mtandao, wasinilaumu. Mikorosho yake imeshatoa maua na ubwiri unga, ukungu unaoua maua, hausubiri mtu. Nimeona aibu.

Jumamosi, 26 Julai

Ignasi kamtuma Doreen arekebishe daftari langu, kakaa Mkotokuyana siku mbili na kijitabu chake. Mjomba kamtembeza mti kwa mti, anamwita mwanangu. Mimi hajawahi kuniita hivyo. Ukoo mzima umo tena, kila mtu na miti yake, na salfa imefika leo. Siku kumi na mbili zimepita. Maua ya upande wa mtoni yameota unga mweupe, yamekauka. Miti arobaini ya mama, msimu mzima.

Mama hakunigombeza. Angenigombeza ningejitetea. Kanisogezea ugali, akaenda kupulizia ile aliyoiacha baba. Bomba kambebea Mjomba.

Jumapili, 27 Julai

Ignasi kaamua. Doreen msimamizi wa wilaya zote mbili. Mimi naingiza majina. Nimekatazwa kugusa maumbo.

Nimeyagusa kidogo. Nimefikiri sana na kosa nimeliona: mwenye shamba mmoja halikuwa wazo baya, ubaya ulikuwa kumchagua Mustafa. Kwa hiyo nimelitoa lile jedwali la katikati aliloweka Doreen, nimeuhamishia ukoo wote kwa mtu mmoja mwenye elimu na mapenzi mema. Mkulima: Jamali. Wategemezi: mama, Mjomba, Bi Hajra na wengine wote. Mstari wa usafi nimeurudisha, ni kazi nzuri. Sasa mama yuko chini yangu, salama.

Doreen kapiga simu jioni. Kesho, kabla ya mgao wa pili wa salfa, anasafisha daftari, na ataanza kwa kufuta kila mkulima anayeitwa Jamali, maana anajua ni wa majaribio. Nimemwambia afute tu, wananijazia daftari bure.