Kiota cha Himid

Jumatatu, 1 Septemba 1997
Himid amepata kiota! Himid huyu jirani yangu hapa Bwiza, muuza dawa, mutu ambaye mwezi jana alimwona mwewe akasema ni kunguru mnene. Vigong'ota wamechimba tundu kwenye mchikichi mkavu uani kwake, na mayai yamo. Basi Mwalimu Wafa, yule dada anayeongoza kikundi chetu cha kutazama ndege, atakaa naye pale kila jioni mpaka vifaranga waruke. Wiki na wiki! Darubini moja, wanapokezana! Wallahi roho inaniuma. Na mimi ndiye niliyemwingiza Himid kikundini.

Jumanne, 2
Nina mchikichi wangu, mkavu kuliko wake. Nimepanda na patasi, nimechonga tundu la duara safi, nimelipima kwa utepe wangu wa cherehani. Nimengoja hadi jioni. Ndege apana. Mama Spéciose, mwenye nyumba, kauliza kama nimeacha kushona nguo. Nyuma ya ukuta Wafa anacheka. Himid anachekesha tangu lini?

Jumatano, 3
Kumbe dume humwita jike kwa kugonga mti! Kulipokucha tu nilikuwa juu na nyundo: ko-ko-ko-ko. Wakaja askari wa barieri ya barabarani. Wakauliza nawapa waasi ishara gani. Nikasema namwita jike. Hakucheka hata mmoja. Wameniweka hadi adhuhuri, Ayatul Kursi nimeisoma mpaka mate yamekauka. Aliyenitoa nani? Himid! Kaja na daftari za kikundi, kawaeleza, kanishika mkono. Wafa akasema Himid ana roho nzuri sana. Afadhali wangeniacha mulemule!
Jioni nimegonga tena. Polepole, nyundo nimeifunga kitambaa.

Ijumaa, 5
Wafa kaja kwangu. Peke yake! Nikavaa haraka shati jipya la mteja. Akasema dume wa kule kwa Himid anasikia nikigonga, anadhani ana mpinzani, anaacha mayai na kuja kuzunguka mti wangu kwa hasira. Mayai yakipoa, kakosa kila kitu, na adui mwenyewe hayupo. Akaniomba niache. Akaniangalia muda mrefu.
Nikamwambia masikini, kuna viumbe wivu umewala akili hata hawajijui. Tukacheka. Yaani, mi nilicheka. Nikaahidi kuacha.
Ahadi ilidumu mpaka saa kumi, Himid alipomtilia Wafa chai. Naandika haya nikiwa juu ya mti, kwa mkono mmoja. Mwingine una nyundo.